Shomoro wa Moshono
Jumapili ya 12 ya Mwaka A (Mt 10:26-33)

Wapendwa wasikilizaji, tunawasalimu ninyi mnaotusikiliza mkiwa bado mmejifunika blanketi, ninyi mlio jikoni mkichochea moto ili chai iwahi kuchemka kabla ya Misa ya kwanza, na ninyi wagonjwa ambao redio hii ndiyo kanisa lenu kwa leo. Majira haya ya Juni na Julai tunayajua sote tunaokaa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wingu huushukia mlima tangu jioni, na asubuhi huwezi kusema kama mlima ule wenye zaidi ya mita 4,500 bado upo au umehamishwa usiku. Jua huchomoza yapata saa kumi na mbili na nusu, na hata likichomoza laweza lisionekane mpaka saa tano. Sisi tuko kama nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo usiku wetu wa Juni haurefuki kama usiku wa baridi wa Ulaya. Baridi yetu huletwa na upepo wa kusi, utokao baharini na unyevu wake, ukakutana na mlima, ukapanda, ukageuka wingu na manyunyu. Wageni watokao Ulaya hutucheka wakituona tumevaa makoti mazito na mizura huku wao wamevaa mashati ya mikono mifupi. Na wacheke. Mama anayemwogesha mtoto mchanga alfajiri kule Moshono hahitaji theluji ili ajue baridi ni kitu gani.

Katika Injili ya leo Bwana wetu anazungumza habari za shomoro. Nasi tungependa kuwasimulieni habari ya shomoro mmoja tuliyepata kuambiwa habari zake, wa Moshono, upande wa mashariki wa jiji la Arusha. Tunawaomba radhi mapema, maana si habari inayotupatia sifa sisi tulio mapadre.

Mtakumbuka mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wakabaki nyumbani. Makanisa yetu mengi hapa Tanzania hayakufungwa, lakini tulinawa mikono mlangoni, tuliketi mbalimbali, na amani tulitakiana kwa kuinamishiana vichwa. Hapa Arusha kulikuwa na balaa la pili nyuma ya lile la kwanza. Jiji letu linakula kwa watalii. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, na mwaka 2020 idadi hiyo ikashuka hadi kama 620,000, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kuja kabla ya ndege kusimama. Magari ya safari yaliegeshwa uani yakaota majani chini ya magurudumu. Wapishi, wapagazi, wafua nguo wa mahoteli, wauza vinyago, madereva, wote walikaa nyumbani wakitazamana na wake zao.

Kati ya hao alikuwako baba mmoja mwongoza watalii, muumini wa kigango kimoja cha huko Moshono. Kwa zaidi ya miaka kumi mtu huyu hakuwahi kuwa nyumbani katika miezi ya baridi, kwa kuwa ndiyo miezi ya kazi yake. Mvua za masika zikiisha, wageni humiminika, na ifikapo Julai nyumbu huwa wanakaribia kuvuka Mto Mara kule kaskazini mwa Serengeti, na hakuna mwongoza watalii anayetaka kukosa msimu ule. Alikuwa na binti wa miaka tisa, darasa la tatu. Alizaliwa katika msimu wa kazi, naye baba akamwona kwa mara ya kwanza akiwa na wiki tatu.

Sasa baba huyo akajikuta nyumbani mwezi Juni, hana kazi, hana mshahara, na kwa mazoea ya miaka mingi akiamka saa kumi na moja alfajiri. Mtu aliyezoea kuwaamsha wageni ili wawahi kuwaona simba kabla jua halijapanda, hawezi kulala tena. Siku za kwanza alikaa gizani sebuleni akipiga hesabu za ada na za mkopo. Kisha asubuhi moja binti yake akatoka chumbani kwenda chooni, akamkuta.

“Baba, mbona umeamka?”

“Nimezoea, mama. Kazini tunaamka saa hizi.”

“Na wazungu nao wanaamka?”

“Ndiyo. Nawagongea hodi mmoja mmoja. Tunatoka kwenda kuwaona wanyama.”

Mtoto akafikiri. Kisha akasema, “Na mimi mbona hujawahi kunigongea?”

Ndugu wapendwa, baba huyo alituambia baadaye kwamba katika maisha yake amewahi kukabiliwa na nyati porini, lakini hakushtuka kama alivyoshtuka siku ile. Ndege wa nchi hii alikuwa akiwajua kwa majina yao, sauti zao na tabia zao, na alikuwa amewafundisha watoto wa watu wa mataifa mengi kuwatambua. Mtoto wake mwenyewe alijua kuku na kunguru.

Kesho yake akamgongea. Alimvika sweta mbili, koti la mtumba, mzura na mabuti ya mpira, wakatoka kukiwa bado giza, mtoto kabeba chupa ya chai na baba kaning’iniza darubini yake shingoni. Wakafanya hivyo asubuhi nyingi za mwezi ule. Hawakwenda mbali. Walipita kati ya migomba na kahawa za majirani, wakashuka kwenye kijito, wakapanda upande wa pili, wakakaa juu ya jiwe kungoja mwanga. Majirani, kama ilivyo desturi yetu, walisema mambo yao: kwamba ukosefu wa kazi umempata vibaya, anazurura na mtoto kwenye umande. Kwetu mwanamume akitembea asubuhi huwa anakwenda mahali. Akitembea ili kutembea tu, watu huanza kumwonea huruma.

Walipokuwa kwenye jiwe lile, mtoto alijifunza mambo ambayo sisi, pamoja na miaka yetu yote ya Seminari Kuu, hatukuyajua. Alijifunza habari za kuzumburu, wale ndege wa kijivu wenye mkia mrefu kama wa panya ambao wengi wenu mnawalaani kwa sababu ya kuharibu mapapai. Usiku wa baridi kuzumburu hulala wakiwa wamekumbatiana, wameshikamana tawini kama kishada cha ndizi, na asubuhi hulielekezea jua matumbo yao ili wapate joto kabla ya kwenda kula. Alijifunza kwamba ndege akivimba wakati wa baridi hajanenepa. Ameyanyanyua manyoya yake ili hewa ikae katikati na kumhifadhi, ni sawa na sisi tunapovaa sweta ndani ya koti. Alijifunza pia kwamba mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mwili mkubwa, ndiyo maana ndege wadogo hawana budi kula karibu mchana kutwa, na usiku mmoja wa mvua na njaa unaweza kumwua ndege mdogo asiyekuwa na akiba mwilini.

Hili la mwisho alijifunza kwa kuliona. Siku ya Alhamisi, tarehe 18 Juni, baada ya usiku wa manyunyu, walimkuta shomoro njiani chini ya mbuni, amelala ubavu, manyoya yamelowa. Mtoto akamwokota akampulizia pumzi ya kinywa chake, akamweka ndani ya koti. Baba hakumkataza. Walikwenda naye hata kwenye jiwe, wakanywa chai, kukapambazuka, na ndege hakuamka. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, “Baba yake alikuwa wapi?”

Jumapili iliyofuata ilikuwa tarehe 21 Juni, Jumapili ya 12 ya Mwaka A, na Injili yake ilikuwa hii hii tuliyoisoma leo. Tulihubiri sisi. Tulisema vizuri, au hivyo tulidhani. Tulieleza kwamba sura hii ya 10 ya Mathayo ni maagizo ya Bwana kwa wale Kumi na Wawili anapowatuma, kwamba anawaonya juu ya mateso, na kwamba katika aya hizi chache anawaambia mara tatu wasiogope. Tulieleza ile sarafu ndogo ambayo kwayo walinunuliwa shomoro wawili, kwamba ilikuwa sehemu ya 16 ya dinari, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Tukaongeza kwamba Luka anataja shomoro watano kwa sarafu mbili, maana yake ukinunua wanne unapewa wa tano kama nyongeza, kama mama wa sokoni anavyokutupia nyanya moja juu ya fungu. Yule wa nyongeza, asiyekuwa na bei kabisa, hata yeye hasahauliwi mbele za Mungu. Waumini walitikisa vichwa. Tuliridhika.

Mlangoni, baada ya Misa, mtoto yule akatungoja. Akatusalimu vizuri, tukamwitikia. Akasema, “Padre, ndege wetu alianguka siku ya Alhamisi. Mungu alikuwepo?”

Gari lilikuwa linanguruma, kigango cha pili kilikuwa kinatungoja, na tayari tulikuwa tumechelewa dakika ishirini. Tukamgusa kichwani kwa mkono tukasema, “Swali zuri sana, mwanangu. Kamwulize baba yako.” Tukapanda gari.

Tunalisema jambo hili redioni kwa kuwa tunajua hatuko peke yetu. Makatekista mnaotusikiliza, ninyi mnaofundisha watoto sitini chini ya mti mmoja kwa kitabu kimoja, mnajua jinsi swali la mtoto linavyofika wakati usiofaa. Wazazi nanyi mnajua. Mtoto hungoja mpaka maziwa yanachemka na kumwagika, ndipo anauliza wafu wanakwenda wapi.

Lakini turudi kwenye swali lenyewe, kwa sababu lilikuwa bora kuliko mahubiri yetu. Sisi tulihubiri kana kwamba Bwana aliahidi kuwa shomoro hawataanguka. Hakuahidi hivyo. Yeye alikulia Nazareti, kijiji cha mashamba, na bila shaka alipata kuwaona ndege waliokufa njiani. Katika maneno yake shomoro anaanguka kweli, hadi chini. Analolikana ni kwamba ameanguka pasipo Baba. Wale Kumi na Wawili hawakuambiwa kwamba hawatapigwa wala kuuawa. Wengi wao, kama Mapokeo yanavyotufundisha, waliuawa. Waliambiwa kwamba katika kuanguka kwao Baba hatakuwa mahali pengine. Kuna watu wengi siku hizi, hata katika makundi yetu ya sala, wanaohubiri kwamba mwenye imani haugui, hafilisiki, hafiwi. Watu hao hawajaisoma Injili hii mpaka mwisho, au wameisoma wakiwa na gari linalonguruma nje.

Liko simulizi lingine katika Maandiko la mzazi na mtoto waliotoka alfajiri, katika sura ya 22 ya kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu anaamka mapema, anapasua kuni, wanaondoka na Isaka kwenda mlimani. Tumezoea kuitazama madhabahu na kisu, nasi tunaipita njia upesi. Lakini mwandishi mtakatifu anaikawilia njia ile. Anatuonyesha mtoto amebeba kuni, baba amebeba moto na kisu, yaani vile vitu ambavyo vingeweza kumdhuru mtoto amevichukua baba. Kisha mtoto anauliza swali lililo wazi kabisa: moto upo, kuni zipo, je, mwanakondoo yuko wapi? Ibrahimu hana jibu ambalo angeweza kulitamka. Anasema tu kwamba Mungu mwenyewe ataliangalia jambo hilo. Na mara mbili, kabla ya swali na baada yake, mwandishi anatueleza kwamba walikwenda pamoja wote wawili. Jibu halikumtosha mtoto, twadhani. Halikumtosha baba mwenyewe. Ila hakuna aliyemwacha mwenziwe njiani.

Sisi wenyewe tulilelewa kwenye miteremko hii hii. Katika miaka ya 1970 baba yetu mzazi alituamsha gizani ili tumsaidie kupeleka maziwa na kukata majani ya ng’ombe. Hakuwa mtu wa maneno. Wazee wetu wengi hawakuzungumza na watoto, waliwaagiza. Tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa chema. Mtoto aliyeuliza maswali mengi aliambiwa anyamaze asije akafanana na redio. Hata hivyo, kuna asubuhi moja ya Julai tunayoikumbuka, tulipotetemeka hata ndoo ikamwagika. Tulingoja kofi. Yeye alivua koti lake akatuvika, likatufika kwenye vifundo vya miguu, naye akaendelea mbele yetu na shati tu, bila kugeuka. Tulisoma teolojia miaka minne. Kila tunaposoma neno “Baba” katika vitabu vile, tuliona mgongo ule, na mvuke ukitoka mabegani.

Basi, yule baba wa Moshono alifanya nini aliporudishiwa swali na padre? Alituambia baadaye kwamba alikosa jibu. Alimwambia mtoto, “Sijui, mama. Twende tumfukie.” Maana mtoto alikuwa bado amemhifadhi ndege yule ndani ya kopo nyuma ya nyumba. Wakamfukia chini ya mgomba. Mtoto akataka wasali, wakasali Baba Yetu, kwa kuwa ndiyo sala waliyoijua wote wawili bila kukosea. Baba akatuambia kwamba walipofika kwenye neno la kwanza mtoto akanyamaza kidogo, akamtazama, kisha akaendelea.

Jumamosi ya tarehe 27, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa tena, walifanya safari yao ndefu ya mwisho. Walitembea hadi barabara kuu ya Moshi, wakapanda daladala hadi Tengeru, wakashuka kwenye Ziwa Duluti, lile ziwa dogo lililo ndani ya kasoko ya volkeno na msitu kulizunguka. Ukungu ulikuwa juu ya maji, na kima wamejikunyata matawini wakingoja jua. Si mbali na hapo yapo makaburi ya Wapolandi, karibu 150. Wengi wenu hamyajui, nasi tunaona vibaya kwamba hayajulikani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, kambi ya Tengeru ilipokea Wapolandi kama 5,000, wengi wao wakina mama na watoto. Mwaka 1940 na 1941 watu hao walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka kwao na kupelekwa Siberia na sehemu nyingine za Kisovyeti, ambako baridi ilikuwa baridi ya kuua, kisha wakapitia Uajemi hadi kufika Afrika Mashariki. Watoto wengi walifika bila baba, kwa kuwa baba alikuwa vitani au alikwisha kufa. Walijenga kanisa, walifungua shule, walisali chini ya mlima wetu. Baba wa Moshono alikuwa amekwisha kuwapeleka pale wageni wengi wazee waliokuja kutafuta kaburi la mama au la dada. Siku ile alimpeleka binti yake, akamwonyesha makaburi madogo, akamweleza hao walikuwa wakina nani. Mtoto akauliza kama walikuwa na masweta.

Sasa tumefika mahali ambapo ingekuwa rahisi kwetu kunyamaza.

Jumamosi ilikuwa siku ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mafundisho yalikuwa yamesimama kwa sababu ya ugonjwa, yakaanza tena mwezi ule ule wa Juni, nasi tulikuwa tumebandika kanuni mlangoni pa kanisa, kwa mwandiko wetu wenyewe: atakayekosa mara tatu hatapokea mwaka huu. Mtoto yule alikosa mara nne. Katekista, mtu mwaminifu aliyefundisha kwa miaka mingi bila malipo ya kutajika, alituletea orodha, akasema kwa unyenyekevu kwamba labda tungemwita mzazi kwanza. Tulijibu kwamba kanuni ni kanuni. Tukachukua kalamu tukalipiga mstari jina lake.

Baba alikuja ofisini kuuliza. Hakuja kwa hasira. Ndipo alipotusimulia habari yote hii ya jiwe, ya kuzumburu, ya shomoro na ya mgomba. Akakiri kwamba alikosea kutotoa taarifa. Kisha akasema, “Padre, nilijua msimu ukirudi sitakuwa naye tena. Sikujua una siku ngapi.” Tulimsikiliza, tukaguswa, na hata hivyo hatukubadili. Tulijiambia kwamba tukimwachia mmoja, wazazi kumi watakuja na hadithi zao. Tulimwambia mwaka mmoja si mwingi. Watoto wenziwe walipokea mwezi Novemba mwaka ule, naye akaketi benchi la nyuma pamoja na baba yake, ambaye Novemba ile alikuwa bado hana kazi.

Hatusemi kwamba mafundisho ya Jumamosi ni kitu kidogo. Mtoto hana budi kufundishwa Imani kwa utaratibu, na mzazi anayemwondoa mtoto darasani kwa uvivu wake asitafute kinga katika maneno yetu haya. Lakini kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kinapowaagiza wazazi wa Israeli kuwafundisha watoto amri za Mungu, kinataja mahali pa kufundishia, na mojawapo ni njiani, na wakati mmojawapo ni ule wa kuamka. Mafundisho yale ya alfajiri yalikuwa yakitolewa na mwalimu ambaye Kanisa lenyewe humwita mwalimu wa kwanza, siku ile mtoto anapobatizwa. Sisi tuliyaandika kama utoro. Tulipaswa kumkalisha mtoto dakika kumi ofisini na kumwuliza anajua nini juu ya Mungu. Tungelijua mara moja kwamba alikuwa tayari, na labda tungejua pia kwamba sisi hatukuwa.

Alipokea mwaka uliofuata, katika sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, tarehe 6 Juni 2021. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na wingu lilikuwa limefika hadi kwenye paa la kanisa. Watalii walikuwa wameanza kurudi kidogo kidogo, na baba yake, aliyekuwa na madeni ya mwaka mzima, alikuwa Serengeti na wageni wake wa kwanza. Hakuweza kukataa kazi ile, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angemshauri aikatae. Mama alikuwapo, na bibi, na wajomba. Mtoto alivaa gauni jeupe na ndani yake sweta mbili. Tulipompa Mwili wa Kristo alisema “Amina” kwa sauti iliyosikika, kisha akarudi mahali pake, na kando yake palikuwa na nafasi ambayo watu, kwa sababu wasiyoijua, hawakuikalia.

Baada ya Misa alikuja tena mlangoni. Gari letu lilikuwa likinguruma kama siku ile. Tukamwambia dereva azime.

“Padre,” akasema, “naomba simu nimpigie baba.”

Tulimpa. Mtandao wa kule porini si wa kutegemea, na ilimbidi apige mara nne. Tulisimama kando tukidhani atamsimulia habari za Misa, za gauni na za keki iliyokuwa ikimngoja nyumbani. Baba alipopokea, mtoto akafunika simu kwa mkono ili upepo usiingie, akasema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kwamba mtandao utakatika:

“Baba, leo niliamka peke yangu. Nimewaona kuzumburu kwenye mpapai. Walikuwa saba, wameshikana.”

Hatukusikia baba alijibu nini. Mtoto alisikiliza muda mrefu, akitikisa kichwa, huku pumzi yake ikitoa mvuke.

Tumsifu Yesu Kristo.